Fungu la Doto

Mazin hakuwa mwanamume wa matembezi. Hilo Zuleikha alilijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yao. Watoto wao wawili, Tamim wa miaka tisa na Lamya wa miaka sita, wamekulia Dar es Salaam, na bahari yenyewe walipelekwa kuiona na mjomba wao. Baba yao siku ya Idd hulala. Jumapili hulala. Ni fundi wa viyoyozi, na akisharudi kutoka majumba ya watu hataki kusikia kelele wala kuona jua. Basi mtu huyo huyo, jioni moja, anamaliza wali wake, ananawa, anakaa sawasawa kama anayetaka kutoa hotuba, anasema: "Mke wangu, likizo hii twende Unguja. Watoto wakauone mji."

Zuleikha aliacha kukusanya sahani. "Wakauone mji?"

"Ngome Kongwe. Kobe wa Changuu. Forodhani. Watoto wa Kizungu wanatoka kwao mbali kuja kuviona, sembuse hawa ambao ni kwao."

Sasa niambieni, mume kama huyo akikutamkia maneno kama hayo, ungefurahi? Mwanamke mwenye akili zake hafurahi hapo. Hufunga mizigo, lakini macho huyaacha nje.

Na Zuleikha alikuwa na sababu. Zamani, siku za fungate, alimwambia Mazin bila kupepesa: "Sheria inakuruhusu wanne, najua, na mie siwezi kuigeuza. Lakini siku utakayooa wa pili, mie nnarudi kwetu Tanga na wanangu, na hutatuona." Mazin siku ile alicheka. Sasa ilikuwa miezi simu yake ikiita jioni, naye huinuka kwenda kuzungumzia uani, akirudi husema ni dada Dalal. Wiki moja Zuleikha alimkumbusha neno lile kwa mzaha, amsikie atasemaje. Mazin hakucheka. Akatazama kikombe chake cha chai. Mtu asiye na lake hucheka, bwana.

Wakafika Unguja kwa boti ya asubuhi, wakafikia kwa Bi Dalal, Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege. Bi Dalal ni dada mkubwa wa Mazin, mwanamke wa mdomo mzito, ambaye miaka yote hiyo alimwamkua Zuleikha kwa ncha za vidole. Safari hii alimkumbatia mlangoni. Akampikia pweza wa nazi na mkate wa kumimina, akamwekea mto mgongoni, akamwita "mwanangu". Watoto walipomwamkia, alimshika Tamim uso kwa mikono miwili, akamtazama mpaka ndege nzima ikapita juu ya paa na kutua. Machozi yalikuwa yakimlenga.

"Mashaallah," alisema. "Kakua."

Wifi akikubembeleza, jipapase. Zuleikha alikula pweza yule, na alikuwa mtamu, na kila tonge alijiuliza linalipia nini.

Magharibi alikuwa akienda jikoni kupeleka vikombe, akamsikia Bi Dalal akinong'ona kwa ukali. "Umwambie mwenyewe, Mazin, kabla hajajionea. Mie mzigo huu sibebi tena." Zuleikha akaingia.

"Tunazungumza habari za maji," alisema Mazin. "Siku hizi yanakatika sana."

Bi Dalal aligeuka akaanza kuosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Kesho yake wakaingia Mji Mkongwe kwa miguu kutokea Darajani. Jumba la Beit el Ajaib lilikuwa limezungushiwa mabati, mafundi wakigonga juu, kwa hiyo wakapita wakaingia Ngome Kongwe. Mazin alijifanya kiongozi wa watalii. Alikuwa kiongozi wa ovyo.

"Baba, ngome hii nani kaijenga?" aliuliza Lamya.

"Wazee."

"Wazee gani?"

"Wa zamani."

Kutwa alikuwa akitazama simu, na jasho likimtoka kivulini. Zuleikha akaangalia anakotazama kila akiinua kichwa. Kwenye ngazi za mawe, pale panapochezwa ngoma, alikuwa amekaa mwanamke wa rika lake, buibui jeusi, mtandio wa kijani, na mtoto wa kike ubavuni. Hakuwa mgeni wa kutalii. Mtalii hutazama kuta, na yule mwanamke hakuzitazama kuta hata mara moja. Alikuwa akimtazama Tamim.

Mazin naye alimwona. Zuleikha aliona alivyomwona, kisha akaona alivyojitia kutomwona: aligeuka ghafla, akasimama mbele ya duka la vinyago kusoma bei za vinyago, yeye ambaye hajanunua kinyago tangu azaliwe.

"Unamjua yule?" aliuliza Zuleikha.

"Yupi?"

"Yule pale."

"Pale wapi?"

Kidole kimeshaelekezwa, mtu bado anauliza pale wapi. Huyo anatafuta muda. Zuleikha hakuendelea. Watu wa Tanga hawana haraka ya kugombana, hungoja jambo liive.

Siku iliyofuata Mazin akasema leo ni Changuu. Wakapanda boti ya mashine pale ufukweni, Lamya akatapika, Tamim akamcheka, wakashuka. Kobe walikuwa wakubwa kama walivyosifiwa, wametulia vivulini, wanatafuna majani kwa uzee wao. Na nani yuko kati ya kobe, ameshika kitita cha mchicha? Mtandio wa kijani. Safari hii Zuleikha hakushituka, kama alikuwa akimngoja.

Yule mtoto wa kike alikuwa amekwisha mpa Tamim ubuyu, wamechuchumaa wawili mbele ya kobe mmoja wanabishana anaitwa nani. Midomo ilikuwa myekundu. Yule mwanamke akainama, akashika ncha ya mtandio wake, akampangusa Tamim mdomo, polepole, pembe hadi pembe. Na Tamim, ambaye shangazi yake akitaka kumpangusa pua hukimbia mpaka barabarani, aliinua kidevu apanguswe vizuri.

Hapo Zuleikha alichomeka. Alikwenda mbio juu ya majani. "Samahani, dada. Mtoto huyu ana mama yake."

Yule mwanamke akasimama. Uso wake ulikuwa mpole, na hilo lilizidi kumuudhi. "Najua, dada," alisema. "Niwie radhi." Akamshika mtoto wake mkono, akaondoka kuelekea kwenye boti.

Anajua. Anajuaje? Zuleikha akamtafuta mumewe. Mazin alikuwa upande wa pili wa uzio, amempa kobe mgongo, ametazama bahari.

"Unguja mji mdogo," alisema usiku alipoulizwa. "Watu ni hao kwa hao. Ukitoka unakutana nao tu."

"Mpaka kisiwani?"

"Kisiwani nako ni Unguja."

Kupekua begi la mume si tabia njema. Zuleikha mwenyewe angekwambia hivyo. Alfajiri Mazin alipokwenda msikitini, alipekua. Chini ya mashati, ndani ya mfuko wa karatasi uliokunjwa kwa heshima, alikuta doti mbili za kanga mpya, kopo la udi, chupa ya marashi, na gauni la mtoto wa kike. Aliliinua gauni lile akalipima kwa macho. Lamya angezama humo. Lilikuwa gauni la mtoto wa miaka minane, tisa. Gauni la mtoto aliyechuchumaa jana na Tamim mbele ya kobe.

Alikaa kitandani na gauni mapajani. Kama mtoto yule ni rika moja na Tamim, basi mama yake hakuolewa jana wala juzi. Aliolewa mwaka alioolewa Zuleikha, au kabla. "Basi mie ndiye wa pili," alijiambia. Miaka kumi ametisha watu na mke wa pili, kumbe labda ni yeye.

Kwa nini hakumshika Mazin shati palepale? Nimekwisha sema, alitaka jambo liive. Kisha yuko nyumbani kwa wifi, watoto wanasikia, na kanga si cheti cha ndoa. Mwanamume angeweza kumwambia ni zawadi za Bi Dalal, na Bi Dalal angeapa. Alikunja vitu akavirudisha kama vilivyokuwa.

Jioni hiyo wakaenda Forodhani. Jua lilikuwa halijazama, wauzaji wakiwasha majiko, vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani na watu wakiwapiga picha. Adhana ya magharibi ilipolia Mazin aliaga kwenda kusali, akaenda haraka kama aliyeokolewa. Tamim na Lamya wakakaa kwenye majani kutazama wanaojirusha. Zuleikha akageuza kichwa, akamwona yule mtoto wa kike peke yake kwenye meza ya juisi ya miwa, ameshika gilasi kwa mikono miwili.

Bahati ya namna hii haiji mara mbili. Alimwendea, akakaa karibu naye kwenye benchi, akalainisha sauti.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Kurwa."

"Kurwa wa pacha?"

"Naam."

Kila mtu anajua, Kurwa hazaliwi peke yake. Anayetangulia Kurwa, anayefuata Doto. "Na Doto wako yuko wapi?" aliuliza Zuleikha, na kusema kweli aliuliza ili mazungumzo yasikatike tu.

Kurwa alivuta juisi kidogo. Kisha akaelekeza kwa kidevu, kama mtu anayeonesha nyumba ya jirani. "Yule pale."

"Nani?"

"Yule mwenye fulana nyekundu. Lakini mama kanambia nisimwambie. Na wewe usimwambie."

Mwenye fulana nyekundu alikuwa Tamim.

Zuleikha aliuweka mkono juu ya meza ya miwa, iliyokuwa ikinata, akauacha huko. Aliuliza tena, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa anayo, mama yake ni nani na wanakaa wapi. Mtoto alijibu vizuri, amelelewa: mama kaenda kusali, anaitwa Bi Tabia, wanakaa Mpendae nyuma ya msikiti. "Ukiuliza Tabia wa ubuyu, mtu yeyote atakuonesha."

Sasa lazima mjue jambo moja, maana bila ya hilo hamtaelewa kwa nini Zuleikha alimwamini mtoto yule. Tamim alizaliwa Unguja. Zuleikha alikuja na mimba ya miezi minane kwenye arusi ya binamu wa Mazin, na usiku wa kesha la mkole, ngoma ya wanawake kabla ya arusi, akaanguka. Kifafa cha mimba. Anakumbuka taa za ukumbi, anakumbuka mtu akipiga kelele ya kuomba gari, basi. Hamkumbuki mtoto akitoka. Hakumsikia akilia. Alilala hospitali wiki baada ya wiki, mara anajua alipo, mara hajui, na alipopata nguvu ya kukaa, mama mkwe wake, Bi Salha, Mungu amrehemu, alimwekea mapajani mtoto mnene, mashavu yamejaa. "Wako huyu," alimwambia. Alisema wamemlea kwa maziwa ya kopo. Zuleikha akajaribu kumnyonyesha, na kifua chake kilikuwa kimekauka kabisa. Alilia kwa hilo kuliko alivyolilia maradhi. Miaka mitatu baadaye alimnyonyesha Lamya mpaka majirani wakamsema, na hata hapo alikuwa akimtazama Tamim kwa huzuni.

Mtoto gani wa kopo aliye mnene vile? Hakuwahi kuuliza. Nani angeuliza? Sasa swali lilikuja na jibu lake. Bi Tabia alizaa pacha. Mmoja yuko kwa Bi Tabia na mmoja yuko kwake. Basi yeye, Zuleikha, alizaa nini, na kimezikwa wapi?

Usiku alimtazama Tamim amelala. Pua ni ya Mazin, hilo halina ubishi, lakini pua ya Mazin ingeweza kupatikana kwa mwanamke mwengine. Vidole vya nani? Masikio yale hayakuwa ya mtu yeyote anayemjua. Siku za fungate alisema atarudi Tanga na wanawe. Na wanawe gani? Aliuma mto, kwa sababu Lamya alikuwa amelala karibu na angesikia.

Asubuhi Mazin aliamka mchangamfu wa kulazimisha. Alisema leo ni Paje, watoto wakaone watu wanaovutwa na upepo juu ya mawimbi.

"Leo natembeza mie," alisema Zuleikha.

Bi Dalal alikuwa akimimina chai. Aliweka birika chini, akamtazama wifi yake usoni, akaelewa, nadhani kabla ya Mazin. "Nenda naye, Mazin," alisema. "Alhamdulillahi."

Teksi ilikuja. Zuleikha alikaa mbele, buibui limefungwa sawasawa, mfuko wa karatasi mapajani. Mazin aliuona mfuko ule. Kisha akasikia mkewe akimwambia dereva, "Mpendae."

"Mama, Mpendae kuna nini cha kutembelea?" aliuliza Lamya.

"Kuna ajabu moja, mwanangu. Baba yako anaijua."

Teksi ikaenda mpaka msikitini. Hapo Zuleikha alishusha kioo akamuuliza muuza ndizi, na muuza ndizi akawaonesha.

Harufu ya ubuyu iliwapokea tangu nje. Bi Tabia alifungua mlango na mwiko mkononi, akawaona wote wanne wamesimama juani. Hakushituka. Alisema, "Karibuni, piteni," akawaambia watoto waende uani kwa Kurwa, akatandika mkeka mpya juu ya mkeka wa kila siku. Akaleta maji kwenye gilasi za wageni. Zuleikha hakugusa gilasi, na kwa mila zetu asiyegusa maji ya nyumba amekuja na vita.

"Baba Tamim—" alianza Mazin. Alitaka kusema nini hata yeye hakujua, mpaka akajiita mwenyewe jina.

"Umenyamaza miaka tisa, nyamaza na leo," alisema Zuleikha. Kisha akamgeukia mwanamke. Alikuwa amekuja na maneno mengi, makali, amekesha akiyanoa. Yote yalimpotea likabaki moja. "Mwanangu ni wa nani?"

"Wako," alisema Bi Tabia.

"Usinibembeleze."

"Wallahi wako, Bi Zuleikha. Umemzaa wewe. Mie nilikuwa kitanda cha pili, nimemwona akiletwa amefungwa taulo, mdogo kama kiatu."

"Basi Doto gani anayemtaja mtoto wako?"

Bi Tabia aliweka mwiko juu ya sinia. Alizungumza akitazama mkeka.

"Nilizaa wawili. Doto hakufika arubaini. Hakufika hata kutoka hospitali. Na maziwa, mwenzangu, maziwa hayajui kuwa mtoto kafa. Yalikuja ya watoto wawili. Nilikuwa nalia na nguo zimerowa. Kitanda cha pili uko wewe hujitambui, na mama yako mkwe kampakata mtoto anayekataa kopo. Anatapika tu, amebaki ngozi. Bi Salha alinitazama usiku kucha bila ya kusema. Asubuhi akaja akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule. Hakusema neno. Akamnyoosha mtoto tu."

Uani watoto walikuwa wakicheka.

"Nikampa fungu la Doto," alisema Bi Tabia. "Bi Salha akanichukua nyumbani kwake, mie na Kurwa na Tamim, mpaka ulipopata nafuu. Ndipo akaniambia sasa basi, mama yake kaamka, asijue. Siku ile ile akamtia kopo, nami nikarudi kwangu. Kurwa nilimwambia akiwa mdogo kwamba fungu la ndugu yake alilinyonya Tamim wa bara. Mtoto kapiga hesabu yake mwenyewe. Sikuwa na moyo wa kumrekebisha."

Zuleikha aligeuza shingo polepole mpaka akamfikia mumewe.

"Ulikuwa unalia kila siku kuhusu maziwa," alisema Mazin. "Mama akasema ukijua kuwa mwengine kamnyonyesha, hutapona. Nikasema nitakwambia ukipona. Ukapona, nikasema nitakwambia mtoto akitembea. Mama akafa. Kila nikingoja jambo linakuwa zito zaidi. Ngome Kongwe nilimwita Tabia aje, nikwambie pale pale. Nikaona umefurahi, sikutaka kukuharibia."

"Sikufurahi."

"Changuu nako nilitaka."

"Changuu ulikuwa unatazama bahari." Akamsukumia mfuko. "Na hizi?"

"Zake. Mtu kanilelea mwanangu, mie sijampa hata kanga. Ningempaje kwa siri? Si ndiyo ungesema hivyo unavyosema?"

"Una mume?" Zuleikha alimuuliza Bi Tabia ghafla.

"Ninaye. Ame, anafanya kazi bandarini. Kurwa ni wake, na Doto alikuwa wake." Bi Tabia karibu atabasamu, akajizuia. "Sikukufuata kwa ubaya, dada. Wanakua hawa. Walionyonya ziwa moja hawaoani, na hilo halifichwi, tutaulizwa sote. Kesho Kurwa kaenda kusoma Dar, kamkuta kijana mzuri, hawajuani. Nani atabeba? Ndiyo nikampigia Bi Dalal, nikapiga na kupiga. Sitaki kitu. Nilitaka ajue. Na nilitaka nimwone, sitasema uongo."

Hasira ilimpanda Zuleikha mpaka masikio yakavuma, na haikuwa na pa kukaa. Aliyestahili kuipokea yuko kaburini. Mazin alikuwa amejikunja ukutani, na kumpiga mtu aliyekwisha jikunja hakuna raha. Wivu aliokuja nao kwenye teksi uliondoka, na mahali pake ukaja mwengine ambao hakuutarajia, mbaya kuliko wa kwanza. Mume angeweza kumgawa, na angejua la kufanya. Lakini wiki zile za mwanzo, wiki alizozililia miaka tisa akidhani hazikuwa za mtu, zilikuwa za mwanamke huyu. Alimchukia kwa hilo. Alimchukia na papo hapo aliona kitanda cha pili, na nguo zilizorowa, na mtoto wa ngozi tupu ambaye, bila ya hizo nguo zilizorowa, asingekuwa uani akicheka. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mazin alitaka kumgusa bega, akaogopa.

"Alikuwa akinyonyaje?" aliuliza Zuleikha.

Bi Tabia aliinua uso. "Vipi?"

"Alikuwa akinyonyaje? Mie sikumwona. Nambie."

Basi Bi Tabia akamwambia. Alikuwa na pupa, alisema, anavuta mpaka anapaliwa, kisha anakasirika kama kosa si lake. Mguu mmoja lazima ucheze. Kurwa alikuwa wa ziwa la kulia na yeye wa kushoto, na hakubali kubadilishwa, akiwekwa kulia anageuza uso anapiga kelele. Akishiba anashika kidole cha Bi Tabia na kukibana, mtu akitaka kukitoa anaamka. Walipotenganishwa, Kurwa alilikataa ziwa la kushoto. Halikuwa lake. Likajaa, likauma, likakauka lenyewe.

Zuleikha alisikiliza kwa mwili mzima. Aliuliza mguu gani. Aliuliza kama alikuwa akifumba macho. Aliuliza kidole gani, na Bi Tabia akamwonesha, na Zuleikha akakishika kidole kile, akakitazama, hakukiachia upesi.

Kisha akajipangusa uso kwa kiganja, akaita kuelekea uani. "Tamim."

"Naam."

Alikuja mbio, akasimama mlangoni, Kurwa na Lamya nyuma yake, wote watatu wakihema. Alimwona mama yake amelia, akamtazama baba yake apate kujua kosa ni la nani.

"Njoo hapa," alisema Zuleikha. "Mwamkie mama yako."

Tamim aliwatazama wanawake wawili waliokaa kwenye mkeka mmoja, akatabasamu nusu, kama mtoto anayehisi anataniwa na hataki kuonekana mjinga.

"Mama si wewe?"

Bi Tabia aliinamisha kichwa. Mazin alifumba macho.

"Na mie pia," alisema Zuleikha.